Kurasa Kumi na Nne Ulizozikata, Yaya

Yaya wangu mpendwa,

Nimepoteza kurasa kumi na nne. Zilipotea Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu mwaka huu, kanisani, mbele ya watu wote. Mchungaji alikiinua kitabu changu, akakibariki, nami nikapewa nakala ya kwanza. Nikaifungua kwa nyuma, kama ninavyoigeuza nguo ndani nje kukagua mishono kabla ya kumkabidhi mteja. Sura ya mwisho haikuwemo.

Kitabu kizima, tulipokimaliza mimi na wewe, kilikuwa na kurasa mia na kumi. Kumi na nne ni kama asilimia kumi na tatu. Najua utasema ni sehemu ndogo. Mikono ya koti nayo ni sehemu ndogo ya kitambaa, lakini hakuna mteja aliyewahi kunilipa koti lisilo na mikono.

Naandika hadharani kwa sababu simu yangu hupokei, na ujumbe unausoma bila kujibu. Wengine watakaosoma wanivumilie, nitawaeleza kidogo kidogo. Yaya kwetu ni kaka mkubwa, nawe ni kaka yangu wa tumbo moja. Ulikuwa mwalimu wa historia Bukavu, ukawa mlinzi wa jengo hapa Johannesburg, na sasa uko Durban. Mimi ni fundi wa nguo wa Jeppestown. Nilianza na cherehani moja ya kuzungusha kwa mkono, leo nina sita za umeme na karakana yenye jina langu mlangoni. Kitabu kinasimulia jinsi Mama Mdogo, mdogo wake mama yetu, alivyonileta katika jiji hili nikiwa na miaka kumi na moja, kwa ahadi ya shule, na jinsi nilivyokaa kwake mpaka nikawa msichana mkubwa, nikipika, nikifua, nikilea wanawe, bila shule, bila malipo, bila ufunguo wa mlango.

Tulikiandika pamoja. Hilo sitalikana kamwe.

Unakumbuka chumba chetu cha Joubert Park? Tulikigawa kwa pazia, upande mmoja kitanda chako, upande wa pili mashine yangu, na nyuma ya ukuta jirani Mkongo mwenzetu aliyekuwa akisuka nywele na kucheka kutwa nzima. Jumamosi ulikuwa ukirudi kazini asubuhi na sare yako ya ulinzi, nami nakusihi ulale. Hulali. Unakalia ndoo iliyogeuzwa, unatoa ile simu yenye kioo kilichopasuka, unanisomea. Ulivipata wapi vile vitabu sijui, ila vilikuwa vya bure, vya zamani sana, vimeandikwa na watu waliokuwa watumwa ng'ambo ya bahari, wakajikomboa au wakatoroka, kisha wakakaa chini kuandika maisha yao. Unasoma Kiingereza kwa macho, mdomoni kinatoka Kiswahili. Mimi nasukuma kitambaa, nasikiliza.

Siku ya kwanza nilikuuliza kwa nini juu ya jalada waliweka neno kwamba kitabu kimeandikwa na mwenyewe. Nani tena angekiandika? Ukacheka, ukasema: "Wasomaji wale walikuwa wameambiwa kwamba mtumwa hana akili ya kuandika. Donc, kwa hiyo, kitabu chenyewe ni hoja, hata kabla hujakifungua."

Nilisimamisha mashine. Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini, na sikuwahi kufikiri kwamba kitu nilichotendewa kinaweza kujengewa hoja. Nilidhani ni balaa tu, kama mvua ya mawe.

Ukanifundisha jinsi walivyoijenga. Karibu wote wanaanza kwa kusema walizaliwa. Nilizaliwa mahali fulani, mama yangu alikuwa fulani. Wengi hawaijui hata tarehe, na wanalisema hilo waziwazi, kwa sababu ng'ombe ndiye asiyeulizwa alizaliwa lini, na wao wanataka msomaji aone nani aliyewafanya wasijue. Mimi nikakwambia tarehe yangu ninaijua, ila Mama Mdogo aliibadilisha kwenye karatasi ili ionekane ni yeye aliyenizaa. Ukasema basi hapo ndipo tutakapoanzia.

Nilichopenda zaidi ni vipimo. Wewe ulikuwa ukivutiwa na mahali wanapomwita Mungu au wanapomlilia mama, mimi nakwambia rudi pale pa unga. Kiasi gani kwa mwezi. Mashati mangapi kwa mwaka, ya kitambaa gani, mtoto anapewa nini na hapewi nini. Blanketi moja au hakuna. Ulinieleza kwamba wanayaandika hayo kwa utulivu, bila kupaza sauti, kwa sababu mtu asiyetaka kuamini machozi hana la kufanya na kipimo. Atakwenda kukikagua au atanyamaza. Vilevile walitaja majina, la shamba, la mto, la bwana, la msimamizi aliyeshika mjeledi. Aliyetajwa alikuwa na uhuru wa kujitokeza na kukanusha. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake.

Siku moja ukanisomea habari ya pamba, jinsi ilivyochumwa na jinsi ilivyosafirishwa kwenda viwandani, ikavaliwa na watu wapole waliosali kila Jumapili na ambao maishani mwao hawakuwahi kumpiga mtu. Nikaangalia uzi ulio kwenye mashine yangu. Ukaniambia hapo ndipo vitabu vile vilipokuwa vikali kweli. Havikusema tu kwamba kuna bwana mbaya mahali fulani. Bwana mbaya ni rahisi, kila msomaji anamchukia, anafunga kitabu, analala. Walionyesha mpaka bwana mwema, mpaka yule bibi wa nyumba aliyekuja na moyo laini na baada ya muda mamlaka yakamharibu. Walitaka msomaji akose pa kusimama. Ubaya ulikuwa katika mpango wenyewe, hata ushikwe na mkono laini namna gani, na mpango huo wewe msomaji umeuvaa mwilini.

Nikakuuliza kama vitabu hivyo ndivyo vilivyokomesha utumwa. Mwalimu ni mwalimu, hukutaka kunidanganya. Ulisema si peke yake. Palikuwa na watumwa walioasi, palikuwa na vita, sheria, biashara, mambo mengi. Lakini vilimwondolea msomaji kisingizio cha kutojua. Baada ya kusoma, aliyeendelea aliendelea akijua.

Basi tukaanza changu. Niliandika kwa mkono, wewe ukapiga chapa kwenye duka la mtandao karibu na robot, ile taa ya barabarani ya kona, ukilipa kwa saa. Ulikuwa mkali. Nilipoandika ukurasa mzima wa uchungu, uliufuta ukasema: "Usilie hapa. Acha msomaji alie." Ukaniambia niseme jiko lilikuwa na upana gani, mlango ulifungwa kwa ndani au kwa nje, nani alishika ufunguo, nililala wapi na nilijifunika nini. Nikaandika. Nilijifunika pazia la zamani la sebuleni, la rangi ya machungwa. Wageni walikuwa wakinisifu kwamba nimenenepa, Mama Mdogo ananitunza vizuri. Nilikuwa nanenepa kwa makombo ya wanga, hilo nalo nikaliandika.

Sasa nifike kwenye sura ya mwisho, ambayo wasomaji wetu hawajaiona.

Ilianza na kulelewa. Nilisema mimi si adui wa desturi hiyo. Kwetu mtoto hulelewa na shangazi, na baba mkubwa, na yeyote mwenye nafasi, na wengi wetu tusingekuwa watu bila hilo. Nilikutolea mfano wewe: ulikwenda kwa baba mkubwa mjini, ukateka maji, ukafagia, na jioni ukafunguliwa daftari. Ukasoma mpaka ukawa mwalimu. Mimi nilitoka katika ukoo huohuo kwa maneno yaleyale ya kuagana, nikapelekwa mahali ambapo maji na ufagio havikuwa na mwisho. Desturi nzuri ilitumika kama kanga ya kufunikia. Na kwa kuwa kila mtu kanisani anaiheshimu desturi, hakuna aliyethubutu kufunua. Nikaandika kwamba kanisa letu lote lilinijua kama mtoto wa dada yake. Nilibeba mkoba wake na mtoto wake mgongoni kila Jumapili, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nasoma darasa la ngapi.

Ndipo nikaweka maswali, mtu yeyote aweze kumuuliza msichana yeyote aliyeletwa, kwa upole, pembeni: unasoma wapi, karatasi zako ziko kwa nani, na mara ya mwisho ulipozungumza na mama yako nani alikuwa ameishika simu. Hakuna kingine. Haihitaji elimu wala ujasiri mkubwa. Wale wa zamani walimaliza kwa kumwomba msomaji afanye jambo, nami nilitaka wangu afanye jambo analoweza kulifanya Jumapili ijayo.

Katikati ya sura hiyo palikuwa na ukurasa mmoja ambao sikuuandika mimi.

Uliuandika wewe.

Wasomaji wataniuliza ni ukurasa gani. Yaya, ulipofika Johannesburg ukikimbia vita, ulipokelewa kwa Mama Mdogo. Ulikaa pale tangu baridi ilipoanza mpaka miti ilipochanua. Kila jioni uliketi mezani na yeye na mume wake, nami nikakuletea maji ya kunawa, nikakuletea bugali na sombe, ugali wetu na kisamvu, nikasimama jikoni mpaka mmalize. Mdogo wako wa tumbo moja. Ulikula. Hukuwa mtu mbaya. Ulikuwa huna karatasi, huna pesa, huna pa kulala pengine, na yeye alikukumbusha hilo kila siku kwa tabasamu. Ulizoea. Kisha siku moja ya mchana, wao wakiwa kwenye arusi, ulisimama mlangoni mwa jiko ukaniambia nichukue nguo zangu. Nikakwambia sina. Ukavua koti lako ukanivika, tukatoka.

Uliyaandika yote mawili kwenye ukurasa ule, kula na kutoka. Uliuandika kwa mkono wako kisha ukaupiga chapa bila kuniruhusu niguse neno. Uliponisomea niliacha kushona nikakutazama, nikafikiri kwamba yaya wangu ni mtu mkubwa. Wewe ukasema, "Bon, imekwisha," ukaenda kununua mkate spaza, kile kiduka cha mtaani.

Nilikueleza siku ile kwa nini ukurasa wako ni wa thamani kuliko zangu zote. Vile vitabu vya zamani mbele vilikuwa na barua za waungwana weupe wakithibitisha kwamba mwandishi ni mkweli. Tulikuwa tukizicheka. Mtu amechapwa mgongo mzima, lakini asiaminike mpaka bwana fulani wa mjini aseme anamfahamu. Na wengi wa wadhamini hao hawakuwapo shambani. Mimi, nikakwambia, nina bahati kuliko wao. Nina shahidi aliyekuwa mezani.

Faili la kuchapwa ulilipeleka wewe, sasa tazama nilichopewa. Mbele ya kitabu kuna dibaji ya Mchungaji, inayothibitisha kwamba dada huyu ni mkweli na ni mwaminifu katika zaka. Nyuma, mahali pa sura yangu, kuna nusu ukurasa inayosema kwamba nilimsamehe mama yule, namshukuru kwa kuniandaa kwa ajili ya maisha, na Mungu ni mwema kila wakati. Mama yule hana jina, kwa kuwa jina tulilitaja katika sura ile peke yake. Nyumba haina mtaa. Maneno hayo sikuyaandika, sikuyasema, sikuyafikiri. Umenisamehesha bila kuniuliza.

Kanisa zima lilisimama likajibu kwamba kila wakati Mungu ni mwema. Mama Mdogo alikuwa safu ya tatu, kilemba cha zambarau, na alipiga makofi. Baadaye alinikumbatia mlangoni, akaninong'oneza: "Ma fille, binti yangu, umeandika vizuri. Umenitunzia heshima yangu." Alinukia manukato yaleyale. Nilitarajia kusikia kitu, hasira au kichefuchefu. Sikusikia kitu. Nikamwambia asante. Jumatatu nilifungua karakana, nikakata sketi za sare za shule tangu asubuhi mpaka jioni, na hata moja haikupinda.

Mama Spès, yule Mrundi anayenishonea matundu ya vifungo, alikimaliza kitabu wiki ileile. Alikileta kimefunikwa na gazeti kisichafuke. Akasema ni kizuri, amelia, hasa pale pa pazia. Kisha akarudi kutoboa tundu, na bila kuinua macho akaniuliza: "Mwana wanje, mwanangu, lakini mlango alikufungia nani? Nimetafuta humu ndani, hakuna mtu."

Wengine karakanani wakacheka, wakamwambia Mama Spès ataka polisi ndani ya kitabu cha kanisa. Akawajibu kwamba yeye hataki polisi, anataka mtu mmoja tu mwenye mikono, maana mlango haujifungi. Wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa nahesabu vifungo.

Nimefikiri sana ulifanya nini, na nadhani nimeelewa. Umekigeuza kitabu kuwa ushuhuda. Wewe na mimi tumekulia humo, ushuhuda unatoka wenyewe kama kupiga chafya. Unasimama mbele, unasimulia shimo, unasimulia mkono uliokutoa, unashukuru, unakaa. Wasio wa kanisa letu hawajui kwamba Jumapili ya ushuhuda shemasi hakupi mikrofoni uishike. Anaishika mwenyewe, wewe unaongea kwenye mkono wake, na ukianza kutaja jina la mtu mkono unarudi nyuma. Sisi sote tunaijua ishara hiyo. Unameza jina, mkono unarudi mbele, unaendelea. Inafanywa kwa upendo, ili watu wasigombane kwenye nyumba ya Bwana. Imezuia ngumi nyingi, sitakataa.

Lakini kitabu changu hakikuwa ushuhuda, yaya, na wewe ndiye uliyenifundisha tofauti. Ushuhuda unashukuru kwa aliyetoka. Wale waliandika wakiwa wameshatoka, wako huru, wanaweza kukaa kimya na kulima bustani zao, na badala yake waliandika kwa ajili ya waliobaki. Walimshukuru Mungu pia, kurasa nyingi tu. Ila hawakumruhusu Mungu atumike kumfichia mtu jina. Wewe mwenyewe ulinisomea jinsi walivyosema bila kuogopa kwamba bwana aliyesali sana ndiye aliyepiga sana.

Mara moja tu ulipokea simu, mwezi wa nne. Ulisema kamati ya kanisa ndiyo iliyogharamia uchapaji na haikutaka ugomvi. Ulisema Mama Mdogo ni damu yetu, na mama yetu bado yuko hai kule, atasikia nini. Nikakuuliza kuhusu ukurasa wako. Ukasema: "Mdogo wangu, hata wale waliacha mambo mengine nje."

Ukakata simu. Sikukujibu wakati ule, nakujibu sasa.

Ni kweli waliacha. Uliponisomea habari za kutoroka, mara kadhaa tulifika mahali mwandishi anasimama na kusema njia niliyopitia siisemi, aliyenificha simtaji. Nilikasirika, nilitaka kujua. Ukanieleza kwamba angesema, mabwana wangesoma pia, njia ingezibwa na wa nyuma wangekwama. Kwa hiyo walinyamaza pale ambapo kusema kungemfungia mtu mlango. Nawe umenyamaza pale ambapo kusema kungemfungulia. Usiviweke kwenye mzani mmoja. Mimi mizani naijua.

Nasema kumfungulia kwa sababu kuna wa kufunguliwa. Mama Mdogo ana msichana mwingine. Alimtambulisha kanisani baada ya Pasaka kama mtoto wa binamu yake, amefika juzijuzi, shule itaanza Januari. Anabeba mkoba, anambeba mjukuu mgongoni. Nilimtazama gauni wakati wa kutoka. Pindo limeshushwa mara mbili. Alama za mikunjo ya zamani zimebaki, moja juu ya nyingine, na kitambaa cha chini hakijapauka kama cha juu. Limeshonwa upya kwa uzi wa hapa. Mtoto huyo amerefuka ndani ya nyumba ile, hakufika juzi.

Nilimsogelea nikamuuliza anasoma wapi. Alimtazama Mama Mdogo kabla ya kunitazama mimi. Kisha akamfuata nje. Nami najua kwa nini, kwa kuwa ningeulizwa wakati wangu ningefanya vivyo hivyo.

Mwezi wa tano nilikwenda kituo cha polisi. Walikwenda nyumbani kwake, nasema kweli, walikwenda. Wakaonyeshwa picha za familia, wakapewa soda, msichana akasema ni tantine wangu, shangazi, ananipenda. Askari aliyenipigia simu hakuwa mkorofi. Aliniambia hiyo ni familia, na mimi nina ugomvi wa kifamilia unaojulikana. Nikamwambia nimeishi mle. Akauliza kama kuna mtu mwingine, mtu mzima, aliyekaa nyumba ile akaona kwa macho jinsi wasichana wanavyowekwa. Nikasema yupo. Akauliza yuko tayari kusema? Nikamwambia amekwisha kusema, ameandika. Akaniambia nilete.

Nikafungua kitabu changu mwenyewe, nikakuta nimemsamehe.

Baadhi ya watu wetu wananong'ona kwamba nadai mishahara ya miaka ile. Sidai. Nilichokosa mle nimeshajitengenezea mwenyewe, na karakana inatosha. Wengine wanasema niiandike sura upya na kukuacha upumzike. Ningeweza. Kurasa kumi na tatu nazikumbuka karibu neno kwa neno. Wa kumi na nne ni wako, na siwezi kuuandika kwa niaba yako. Nikikutilia maneno mdomoni, hata yakiwa ya kweli, nitakuwa nimefanya ulichonifanyia. Karatasi ya mkono uliondoka nayo Durban pamoja na faili zima. Mimi nina nakala iliyobarikiwa, basi.

Sikuchukii. Ningetamani kukuchukia, ingekuwa na joto kidogo. Ninapokukumbuka naona ile ndoo, na kioo kilichopasuka, na kidole chako kikitembea chini ya mstari. Nakumbuka koti lako, mikono yake iliyonipita vidole. Nayakumbuka kama ninavyokumbuka vipimo vya mteja wa zamani: sahihi kabisa, na bila kusikia chochote. Labda kitarudi. Sijui. Wa karakanani husema nimekuwa mtulivu, nao wanadhani ni sifa.

Nadhani uliogopa mama asome kwamba ulikula. Kama ni hivyo, sikiliza. Sikuuweka ukurasa wako ili kukuaibisha. Niliuweka kwa sababu wewe ni mtu mwema, na kila mtu aliyekujua Bukavu atasema hivyo. Kitabu chenye Mama Mdogo peke yake kinasema kuna mwanamke mmoja mkatili. Kitabu chenye wewe ndani kinamuuliza msomaji yeye aliketi meza gani. Bila wewe hakuna hoja, kuna kisa cha kusikitisha tu, na visa vya kusikitisha kanisa letu linavyo vya kutosha.

Toleo la pili linachapwa wiki hii. Makanisa mengine ya Wakongo na Warundi jijini yamekiomba kwa ajili ya vikundi vya wanawake, nakala mara tano ya zile za kwanza. Safari hii nalipia mwenyewe, hakuna kamati. Mchapaji yuko Mayfair, na Ijumaa anafunga mapema kwenda kusali, akirudi anawasha mashine. Nimemwagiza aiondoe dibaji ya zaka na ule msamaha. Sura ikija, ataiweka. Isipokuja, nimemwambia aziache kurasa kumi na nne nyeupe, namba zikiwa chini yake kama kawaida, na kwenye ukurasa ulio kabla yake aandike kwamba zinazofuata anazo kaka yangu.

Uwe na afya huko. Ukilala mchana, ziba dirisha vizuri, hujawahi kuwa na usingizi mzuri kwenye mwanga.

Ijumaa hii, kabla ya saa tano asubuhi, nijibu mwenyewe, si kupitia Mchungaji wala mama: uliikata sura kwa ajili ya Mama Mdogo au kwa ajili yako? Na inarudi, au hairudi?

Mdogo wako wa tumbo moja,
Jeppestown